Helikopta mpya ya jeshi inachelewa: je, ni dalili kwamba mradi utakufa?

"Shikamoo Mhandisi. Mimi ni fundi wa helikopta za kiraia, kwetu Tanga, ila naishi Texas, Marekani, huu mwaka wa tisa. Nimeitwa kwenye usaili wa kazi ya kuunganisha helikopta mpya ya jeshi la nchi kavu la huku, ile itakayorithi kazi za Black Hawk, helikopta yao ya kubeba askari. Mshahara unazidi ninaolipwa sasa, lakini itabidi tuhame mji. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba kila ninachosoma kinaonyesha mradi huu ulianza zaidi ya miaka 10 iliyopita na bado hakuna kikosi kilichokabidhiwa ndege. Tena mwaka 2024 jeshi hilohilo lilifuta mradi mwingine wa helikopta. Mjomba wangu anasema jambo linalochukua muda hivyo lina mlungula ndani yake, na kwamba ndiyo maana walichagua ndege ya bei kubwa wakaiacha ya bei ndogo. Mke wangu anaogopa tutahama, halafu mradi ufutwe. Je, kuchelewa huku ni dalili ya ugonjwa? Niende au nibaki? Na nikienda, niuze sanduku langu la zana? Nimeambiwa kiwandani zana ni zao."

Marahaba, mwanangu, na unisalimie mama watoto. Swali lako lina maswali mawili yaliyofungwa kwenye furushi moja. La kwanza ni la kiufundi: je, mradi wa helikopta ya kijeshi ukipita miaka kumi bila kuzaa, ndiyo kusema umeoza? La pili ni la nyumbani: je, mtu mwenye familia afungamanishe riziki yake na mradi wa namna hiyo? Nikilijibu la pili kabla ya la kwanza nitakuwa nabahatisha, kwa hiyo nivumilie nianze na ufundi.

Nitakupa msimamo wangu mapema ili ujue ninaelekea wapi. Hesabu ya miaka peke yake hainiambii kitu. Ninachokitazama ni kama kile ambacho jeshi lilikiomba mwanzoni ndicho hicho linachokiomba leo. Uko ucheleweshaji unaotokana na watu kupima, kuvunja na kutengeneza upya kitu kilekile, na uko ucheleweshaji unaotokana na watu kubadilisha mawazo. Kwa aliye nje yote miwili inafanana, lakini mmoja huzaa ndege na mwingine huzaa vitu vya makumbusho.

Tuanze na jambo unalolijua kwa mikono yako. Helikopta inaposonga mbele, panga la upande mmoja linaukabili upepo, na la upande wa pili linarudi nyuma likiukimbia. Kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo panga linalorudi linavyokosa upepo wa kulibeba, hadi linafika mahali linaacha kunyanyua, ndege inaanza kutetemeka, inainua pua na kulalia upande ule uliokosa nguvu. Hilo haliponywi kwa kuongeza injini. Ndiyo sababu Black Hawk, iliyoingia kazini mwaka 1979, husafiri kwa kilomita zipatazo 280 kwa saa, na helikopta za kawaida zilizoundwa miaka 30 baada yake hazikuiacha mbali. Jeshi la Marekani lilipotaka mrithi anayekaribia mara mbili ya mwendo huo, halikuwa likichagua kitu kilichopo dukani. Lilikuwa likiomba kitu ambacho hakijaundwa.

Yalijitokeza majibu mawili makubwa. Kampuni ya Bell ilileta ndege yenye mabawa, ambayo mwishoni mwa kila bawa kuna rafadha kubwa inayotazama juu wakati wa kupaa na kuinama mbele wakati wa kusafiri, hivi kwamba ikishashika mwendo inabebwa na mabawa na lile tatizo la panga linalorudi nyuma linatoweka. Hiyo ndiyo V-280 Valor. Sikorsky na Boeing wakaleta Defiant, yenye safu mbili za mapanga magumu, moja juu ya nyingine, zinazozunguka kinyume, na rafadha ya kusukuma mkiani. Upande mmoja wa safu ya juu ukikosa nguvu, safu ya chini inaufidia. Yote mawili ni mawazo ya heshima. Yote mawili, kwa bahati mbaya, yanaweka mzigo mkubwa mahali ambapo sisi mafundi huwa hatulali usingizi, yaani kwenye giaboksi, lile sanduku la gia linalopeleka nguvu ya injini kwenye mapanga.

Hapo nataka nikae kidogo, kwa kuwa ndipo miaka inapokwenda. Nilipokuwa bado fundi kijana nilichomoa plagi ya sumaku kutoka kwenye giaboksi kuu ya helikopta iliyokuwa imetoka kazini asubuhi hiyo. Unaijua plagi hiyo: kipande kisichozidi kidole gumba, kazi yake ni kunasa chembe za chuma zinazoogelea kwenye mafuta. Mara nyingi unakuta uji mweusi laini ambao haukusumbui. Siku hiyo nilikuta kibanzi kimoja, chembamba na chenye ncha, mfano wa ukope, kikimeremeta kila nilipokigeuza kwenye mwanga. Mwajiri wangu wa wakati huo, ambaye sitamtaja, alitaka tukifute, tuirudishe plagi na ndege iondoke saa nane, kwa sababu mteja alikuwa amekwisha kulipa. Tulibishana kwa saa nzima. Tulipoifungua tukakuta beringi imeanza kubanduka ngozi, kama rangi ya ukuta uliolowa. Kibanzi kile kilikuwa barua ya kwanza tu, na nyingine zilikuwa njiani.

Sasa unganisha na habari uliyoisikia ukiwa hukohuko. Tarehe 29 Novemba 2023 ndege ya CV-22 Osprey ya jeshi la anga la Marekani, ambayo nayo ni ya rafadha zinazoinama, ilianguka baharini karibu na kisiwa cha Yakushima nchini Japani na kuua watu wote 8 waliokuwemo. Uchunguzi ulionyesha kwamba giaboksi ya rafadha ya kushoto ilivunjika, na kwamba kabla ya hapo mfumo ulikuwa umetoa maonyo kadhaa ya chembe za chuma ndani ya mafuta, lakini safari ikaendelea. Osprey zote za majeshi ya Marekani zilizuiwa kuruka kuanzia tarehe 6 Desemba 2023 hadi tarehe 8 Machi 2024. Osprey iliruka mara ya kwanza mwaka 1989 na ikaingia kazini mwaka 2007, na hata baada ya miaka hiyo yote gia yake ilikuwa bado na siri. Kwa hiyo unapoona wahandisi wanaifunga giaboksi kwenye banda la majaribio na kuizungusha kwa miezi, wakaifungua, wakaipima na kuanza upya, usidhani wanapiga danadana. Wanatafuta kile kibanzi kabla askari hajapanda.

Valor ilijifunza jambo moja kutoka kwa dada yake huyo mkubwa. Kwenye Osprey injini nzima huinama pamoja na rafadha. Kwenye Valor injini imelala palepale na kinachoinama ni rafadha na gia zake tu. Ukitazama kwa macho ya fundi utaona faida mara moja: mlango wa askari haupigwi na moshi wa injini iliyosimama wima, na mifumo ya mafuta ya injini haigeuzwigeuzwi.

Tarehe zake ni hizi. Mwaka 2013 jeshi lilichukua mapendekezo manne ya kuchora, mwaka 2014 likayapunguza kuwa mawili ya kujenga. Valor ikaruka tarehe 18 Desemba 2017 huko Amarillo, katika jimbo lako. Defiant ikaruka tarehe 21 Machi 2019, baada ya kucheleweshwa na utengenezaji wa mapanga na, bila shaka unatabiri, matatizo ya giaboksi kwenye banda la majaribio. Valor ilipumzishwa mwaka 2021 ikiwa imeruka zaidi ya saa 200 na imevuka kilomita 550 kwa saa. Hizo zilikuwa ndege za kuthibitisha wazo tu, na wengi hukosea hapo: wanaona ndege inaruka mwaka 2017 wanauliza mbona haiko kambini mwaka 2020. Ndege ya kuthibitisha wazo haina vifaa vya vita, haina vipuri ghalani, haina kitabu cha matengenezo, na mara nyingi haina hata vipande vinavyoweza kutengenezwa mara mbili vikafanana. Kati yake na ndege ya jeshi kuna kazi sawa na ile ya kwanza, na pengine kubwa zaidi.

Sasa mjomba. Mwambie kwanza kwamba hasingizii kitu kisichokuwepo duniani. Mwaka 2004 afisa mwandamizi wa zamani wa ununuzi katika jeshi la anga la Marekani, Darleen Druyun, alihukumiwa kifungo cha miezi 9 kwa kujadiliana kazi na Boeing wakati bado anashughulikia mikataba ya kampuni hiyo. India ilifuta Januari 2014 mkataba wa helikopta 12 za kubeba viongozi kutokana na tuhuma za rushwa. Wachunguzi wa huko walidai kwamba kigezo cha urefu wa kuruka kilishushwa kutoka mita 6,000 hadi mita 4,500 ili ndege fulani iweze kuingia, ingawa mahakama za Italia baadaye ziliwaachia huru wakuu wa kampuni walioshtakiwa. Angalia lakini kilichodaiwa hapo. Hakuna aliyelalamika kwamba mchakato ulikuwa mrefu. Walilalamikia kigezo kilichobadilishwa katikati ya safari. Mwenye mlungula kwa kawaida hutaka mambo yaishe haraka kabla watu hawajauliza.

Kuhusu bei, mjomba ana nusu ya habari, na nusu hiyo ni kweli. Tarehe 5 Desemba 2022 jeshi lilimtangaza Bell kuwa mshindi. Tarehe 28 Desemba Sikorsky ilipeleka malalamiko kwenye Ofisi ya Uwajibikaji wa Serikali, GAO, ambayo kwa sheria ina siku 100 za kutoa uamuzi; ilitoa tarehe 6 Aprili 2023 na kuyakataa malalamiko. Katika karatasi hizo ilionekana wazi kwamba bei iliyotathminiwa ya Bell ilikuwa takriban dola bilioni 8.1 na ya Sikorsky takriban dola bilioni 4.4. Mtu akiishia hapo lazima ahisi harufu. Lakini zabuni ilitaka kila mshindani aeleze kwa kina jinsi mifumo ya ndege itakavyogawanywa na kuunganishwa, kipande kwa kipande, ili siku jeshi likitaka kubadilisha redio au kompyuta lisilazimike kwenda kumpigia magoti aliyeuza ndege. Sikorsky ilihukumiwa kwamba haikuyatoa maelezo hayo kwa kiwango kilichoombwa, na upande huo ukapewa alama ya kutokubalika. Kwa taratibu za zabuni, pendekezo lenye doa la namna hiyo haliwezi kupewa mkataba hata likiwa la bei ya chini.

Je, naona hiyo ilikuwa haki? Naona ilikuwa halali, na maneno hayo mawili hayana uzito sawa. Jeshi limechomwa mara nyingi na mikataba ambayo kila marekebisho madogo yanarudi kwa muuzaji kwa bei anayoitaka yeye, kwa hiyo naelewa kwa nini liliweka mkazo kwenye michoro hiyo. Hata hivyo, kama fundi ningetamani ndege ishinde angani zaidi ya kushinda kwenye makaratasi, na sitaficha kwamba mashindano ya zamani ya kuruka mbele ya askari yalinipendeza zaidi.

Hayo ya zamani ndiyo yaliyozaa Black Hawk, na ni vizuri uyajue. Zabuni ilitangazwa mwaka 1972. Masharti yalitoka Vietnam na yalikuwa mafupi kiasi cha mtu kuyakariri: ibebe kikundi cha askari 11, iweze kuelea hewani kwenye urefu wa futi 4,000, yaani mita zipatazo 1,220, penye joto la nyuzi 35, na iweze kuingizwa ndani ya ndege ya mizigo ya C-130. Wewe unajua hewa ya moto na ya mwinuko ilivyo nyembamba. Huo ni mwinuko unaopita wa Dodoma kidogo tu, lakini kwa helikopta zilizochoka Vietnam ilikuwa mlima. Sharti la C-130 lilileta taabu yake. Ili ndege iingie kwenye tumbo la ile nyingine, Sikorsky waliyashusha mapanga karibu mno na mwili, mtikisiko ukawa haukaliki, na ikabidi wanyanyue mlingoti wa mapanga na kutafuta namna ya kuushusha wakati wa kusafirishwa. Kosa, marekebisho, jaribio jipya: huo ndio ucheleweshaji wenye afya.

Mashindano yenyewe yalikuwa kati ya ndege ya Sikorsky na ya Boeing Vertol, zote zilizoruka mwishoni mwa mwaka 1974, na jeshi likazichukua likazitumia lenyewe mwaka 1976. Agosti mwaka huo, usiku, ndege mojawapo ya Sikorsky ilitua kwa dharura ndani ya msitu wa misonobari huko kwenye kambi ya Fort Campbell ikiwa na askari, mapanga yakifyeka miti wakati inashuka. Hakuna aliyekufa. Walifungua njia, wakabadilisha mapanga, na ndege ikaruka kutoka palepale. Desemba 1976 Sikorsky wakatangazwa washindi, na mwaka 1979 vikosi vikaanza kupokea. Mpaka sasa zimeshatengenezwa zaidi ya 5,000. Tangu zabuni hadi kambini ni miaka 7, na katika miaka hiyo swali lililokuwa likijibiwa lilibaki lilelile.

Weka hiyo pembeni, kisha tazama helikopta ya upelelezi. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 jeshi hilohilo lilitaka helikopta nyepesi mpya, lilianza kwa ndoto ya kununua maelfu, na mwaka 1991 likaichagua Comanche ya Boeing na Sikorsky. Mwanzoni iliundwa kwa ajili ya vita na Warusi barani Ulaya; mwaka uleule wa 1991 Umoja wa Kisovieti ukavunjika. Badala ya kuuliza kama bado wanaihitaji, kila baada ya miaka michache waliupanga mradi upya, wakapunguza idadi, wakaongeza vifaa, ndege ikazidi kuwa nzito. Iliruka tarehe 4 Januari 1996. Ilifutwa tarehe 23 Februari 2004 baada ya kula takriban dola bilioni 7, na matunda yake ni ndege mbili zilizo kwenye makumbusho ya usafiri wa anga wa jeshi huko Fort Rucker, Alabama. Baada yake wakachagua ARH-70 mwaka 2005, wakaifuta mwaka 2008. Jaribio jingine likaishia mwaka 2013. Kisha ukaja FARA, huo uliousikia, ulioanza mwaka 2018 na kufutwa tarehe 8 Februari 2024 baada ya dola zipatazo bilioni 2. Ndege za majaribio zilikuwa zimekaribia kukamilika, zikakaa zikingoja injini mpya iliyochelewa, na wakati zinangoja vita vya Ukraine vikaonyesha kwamba upelelezi mwingi unaweza kufanywa na droni ambazo hazina rubani wa kuzikwa. Kazi moja, majaribio manne, miaka arobaini, na hakuna kitu kambini. Huo ndio ugonjwa anaouogopa mkeo, na yuko sahihi kuuogopa.

Ulaya nayo ina aina yake ya ugonjwa huo, ambapo nchi nyingi hununua ndege moja na kila moja inataka yake iwe tofauti kidogo. Norway iliagiza helikopta 14 za NH90 mwaka 2001 kwa matarajio ya kuzipata zote kabla ya mwaka 2009. Juni 2022 ilivunja mkataba ikataka irudishiwe fedha zake. Sitakaa hapo, maana hailingani na hali yako.

Sasa tupime mradi wako kwa kipimo hicho. Masharti makuu ya mrithi wa Black Hawk, yaani mwendo, umbali, idadi ya askari na uwezo wa kuelea kwenye futi 6,000 penye nyuzi 35, yamebaki yaleyale kwa miaka mingi. Futi 6,000 ni karibu mita 1,830, takriban mwinuko wa Nairobi, ila ni Nairobi yenye joto ambalo Nairobi yenyewe hailifahamu. Kigezo hicho kilitoka kwenye milima ya Afghanistan. Agosti 2024 mradi ulivuka hatua rasmi ya kuingia kwenye uundaji kamili, ambapo fedha na wajibu huwa vizito zaidi. Mwaka 2025 ndege ilipewa jina la MV-75, na divisheni ya 101 ya Fort Campbell ikatajwa kuwa ya kwanza kuipokea. Kwa kipimo changu, hizi ni dalili za mgonjwa anayepona.

Lakini nitakuambia kinachonikosesha raha, na si kuchelewa. Mwaka 2024 mpango ulikuwa ndege zifike kambini mwaka 2031, na mwaka 2025 viongozi wa jeshi walitangaza kwamba wanazitaka mapema kwa miaka kadhaa. Kuharakisha kunamaanisha kuanza kutengeneza za kugawa wakati za majaribio bado zinafundisha. Kibanzi kikionekana kwenye plagi ya ndege ya kwanza, kuna hatari za tano na sita ziwe zimeshafungwa gia zilezile. Kwako wewe uliye kwenye mstari wa kuunganisha, maana yake ni kazi nyingi, saa za ziada, vipuri vinavyofungwa na kufunguliwa tena, na labda miezi ya kusimama kusubiri michoro mipya. Bajeti nayo huamuliwa na Bunge la Marekani kila mwaka, na hoja ya droni iliyoiua FARA haijaondoka mezani. Tofauti ninayoiona ni kwamba droni inaweza kupeleleza, lakini askari 12 wenye mizigo yao bado wanahitaji kitu cha kuwabeba, na Black Hawk haitapata mwendo ule hata ikifanyiwa matengenezo ya namna gani.

Kwa hiyo, uende au ubaki? Mimi naona hatari ya mradi kufutwa kabisa ni ndogo kuliko ilivyokuwa kwa FARA, ila hatari ya kuyumba, kupunguzwa idadi au kusimamishwa kwa muda ni ya kweli. Ukibaki, una kazi unayoijua na leseni inayotembea nawe popote. Ukienda, unapata mshahara na ufundi ambao watu wachache sana duniani wanao, kwa gharama ya kuhamisha watoto. Kwenye usaili uliza bila aibu kama utaajiriwa na kampuni yenyewe au na wakala wa vibarua, kwa kuwa kazi ikiyumba wa wakala ndio hutangulia kuondoka. Uliza kama kiwanda hicho kina kazi nyingine mbali na ndege hii, ambazo mtu anaweza kuhamishiwa. Uliza kama fedha ya kuhamia utaidaiwa ukipunguzwa kazini kabla ya mwaka. Sheria ya shirikisho huwataka waajiri wenye wafanyakazi 100 na zaidi kutoa taarifa ya siku 60 kabla ya kupunguza watu wengi kwa pamoja, lakini ina mianya yake. Ichukulie kama akiba ya miezi miwili na usiitegemee zaidi ya hapo.

Yako mambo matatu ambayo mimi siwezi kukuamulia kwa maandishi. La kwanza ni hadhi yako ya ukaazi. Michoro ya silaha za Marekani inalindwa na sheria za usafirishaji wa teknolojia, na kwa kawaida anayeruhusiwa kuigusa ni raia, mkaazi wa kudumu, au aliyepewa ukimbizi au hifadhi. Vibali vya siri hutolewa kwa raia. Kama unaishi kwa viza ya kazi, au maombi yako ya uraia yako katikati, muone wakili wa uhamiaji uso kwa uso kabla hujaandika barua ya kuacha kazi. La pili ni leseni yako ya FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani. Leseni yenyewe haiishi muda, lakini kuitumia kunataka uwe umefanya kazi inayostahili kwa angalau miezi 6 katika miezi 24 iliyotangulia. Nenda ofisi ya FAA ya wilaya yako uulize, kwa barua ikiwezekana, kama kuunganisha ndege ya jeshi kiwandani kutahesabiwa. La tatu ni mkataba wenyewe: mlipe wakili wa kazi kwa saa moja akusomee, hasa kifungu cha fedha ya kuhamia. Na ukishaingia kiwandani, tafadhali usiniandikie wala kunipigia picha chochote unachokiona humo. Nitakuwa na hamu, lakini usinijibu hata nikikuuliza.

Sanduku la zana usiliuze. Ni kweli kwamba kwenye viwanda kama hicho zana huwa za kiwanda, zimehesabiwa, kila moja na shimo lake kwenye sponji, na spana ikikosekana jioni ndege haisogei mpaka ipatikane, kwa hiyo hutaruhusiwa kuingia na zako. Lakini karakana za kiraia ulizozoea humtaka fundi aje na zake, na kuzinunua upya zote kwa mkupuo mmoja ni pigo kwa familia iliyotoka kuhama. Zipake mafuta mepesi, zifunge, uziweke mahali pasipo na unyevu, na kila mwaka ujao wa bajeti ukipita salama ndipo ulifikirie tena.